Mjadala: Je, zahanati za umma Mombasa zitoe tiba ya homeopathi?

Mwanzishaji wa mjadala (Makadara):

Barazani kwetu juzi, baada ya alasiri, lilizuka swali ambalo nimeona nililete hapa. Kwa kuwa Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti zahanati na hospitali zake, je, haingekuwa vyema zetu zikatoa homeopathi pamoja na dawa za kawaida, kama India inavyofanya? Aliyelizua ni mzee ambaye magoti yake, kwa kauli yake mwenyewe, yamepata nafuu kwa vidonge vidogo vyeupe vya sukari alivyouziwa na mtaalamu wa kibinafsi. (Lililomshinda ni sharti la kuacha kahawa chungu, ambayo wataalamu hao husema inaiharibu dawa, mzee akaona bora magoti.)

Nimekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa, na pendekezo hilo ninalipinga. Lakini kwanza nieleze ninachokipinga, kwa sababu wengi wetu hapa Pwani huchanganya homeopathi na mitishamba. Muarobaini ni mchungu kwa kuwa ndani yake mna kitu, na kitu hicho kinaweza kupimwa, kikasifiwa au kikakataliwa. Homeopathi ina njia yake nyingine kabisa. Samuel Hahnemann, daktari wa Ujerumani, alitangaza kanuni yake mwaka 1796: kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Baadaye yeye na wafuasi wake wakashikilia kwamba kadiri kitu hicho kinavyozimuliwa ndivyo nguvu yake inavyozidi. Dawa iliyoandikwa 30C huandaliwa hivi: tone moja hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti, hutikiswa kwa nguvu, kisha tone moja la mchanganyiko huo hutiwa katika matone 99 mengine, na kuendelea hivyo mara 30. Ifikapo mara ya 13, ni kana kwamba lile tone la kwanza limemwagwa katika bahari zote za dunia, wala si Kilindini peke yake, na bado zimesalia hatua 17.

Mzee anunue apendacho kwa pesa zake; sina neno. Ninachokikataa ni muhuri wa serikali. Mama anayevuka feri na mtoto mwenye homa haulizi dirishani kama dawa hii imethibitishwa, maana anaamini kwamba yuko mtu aliyekwisha kuuliza kwa niaba yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba homeopathi isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga. Hayo ndiyo maradhi yanayojaza mabenchi yetu.

Mchangiaji kutoka Likoni:

Daktari, nakuita hivyo kwa kuwa sote tuliopita dirishani kwako tulikuita hivyo. Hesabu yako ya matone siipingi, ila umeliruka jambo linalowapeleka watu huko. Nina presha mwaka wa sita sasa. Kwenye kituo cha umma ninachokwenda hufika alfajiri, na zamu yangu ikifika karibu na adhuhuri, tabibu huandika huku akiniuliza, bila kuinua uso, kisha naambiwa dawa hakuna, nikanunue nje. Dada yangu alipokwenda kwa mtu wa homeopathi alikalishwa kwa muda wa saa nzima: analalaje, anakula nini, anaogopa nini, mumewe alifariki lini. Alitoka akiwa mwepesi. Ukisema aliyoyapata ni bure, wewe mwenye dirisha umempa nini kilicho bora?

Mchangiaji kutoka Tudor:

Mwanzishaji ameitaja India kwa kupita tu, ilhali hapo ndipo penye hoja. Tangu 2014 India ina wizara nzima ya tiba za aina hii, na homeopathi imo. Uswisi nayo, ambayo hakuna atakayeiita nchi ya washirikina, wananchi wake walipiga kura mwaka 2009 kuunga mkono tiba mbadala, na bima yao ya lazima hulipia homeopathi inayotolewa na madaktari. Sheria yetu ya Afya ya 2017 pia inazitambua tiba za asili na tiba mbadala. Ikiwa walipa kodi wenyewe wanaitaka, serikali ni nani iwanyime?

Mwanzishaji:

Nianze na Tudor. Sheria kuitambua tiba ili iwekewe utaratibu si sawa na kuamuru inunuliwe. Na kama tunahesabu nchi, tuzihesabu zote. Australia, kupitia baraza lake la utafiti wa tiba, ilipitia tafiti 176 kuhusu hali 61 za kiafya, na mwaka 2015 ikasema haikupata hata hali moja yenye ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inafaa. Uingereza, ambayo huduma yake ya umma iliitoa tangu 1948, mwaka 2017 iliwataka madaktari wake waache kuiandikia wagonjwa, ingawa maagizo hayo hayakuwa yakigharimu hata pauni 100,000 kwa mwaka. Ufaransa ilikuwa ikirejesha asilimia 30 ya bei yake, ikashusha hadi 15 mwaka 2020, na tangu Januari 2021 hairejeshi kitu.

Lakini kinachonikera zaidi ni stoo. Shehena ya amoksilini ikifika, kamati ya kupokea hufungua katoni, huangalia tarehe, na tukitilia shaka tunapeleka sampuli maabara, ambako itajulikana kama dawa imo na ni kiasi gani. Sasa leteni chupa mbili za 30C, moja ya maradhi ya tumbo na nyingine ya kifua, kisha zibanduke lebo. Maabara gani itanitenganishia? Nitawezaje kutia saini kwamba kaunti imepata ilichokilipia, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji? Mwenye nia mbaya akijaza chupa hizo sukari tupu, hakuna mkaguzi atakayemnasa, kwa kuwa bidhaa halali na bandia ni kitu kimoja.

Dada wa Likoni, kwako sina utetezi. Ile saa ilimfaa dada yako, nami naamini. Ninachosema ni kwamba ile saa haikuwa ndani ya chupa.

Mchangiaji kutoka Likoni:

Basi, Daktari, hilo la stoo limenishinda, na pendekezo la mzee naliondolea mkono wangu. Ila nalibadilisha, silifuti. Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi watoe maoni, nitasimama niombe tabibu wa pili kwenye kliniki ya presha na kisukari, na siku moja kwa wiki ambayo mgonjwa ataitwa kwa saa yake badala ya kupanga foleni tangu alfajiri. Wewe njoo usimame nami, maana wewe ndiye unayejua ni wangapi hupita dirishani kwa siku.

Mwanzishaji:

Nitakuja, na daftari langu nitalibeba.