Mjadala: Baiskeli mpya zenye sura ya zamani, tuzikubali au tuzikatae?

Mleta mada, Ilala

Wakuu, salaam. Kwenye msafara wetu wa Jumapili wa wapenda baiskeli za zamani kumezuka ubishi, na naona bora tuulete hadharani. Kijana mmoja alikuja na baiskeli mpya kabisa: fremu nyeusi yenye mistari ya dhahabu, tandiko la ngozi, kengele ya shaba, ukiiona kwa mbali unasema Raleigh ya miaka ya hamsini. Baadhi ya wenzetu wakamwambia asipange mstari mmoja na wenye baiskeli halisi. Kijana alinyamaza, akakaa nyuma mpaka Coco Beach. Sikupenda.

Naweka msimamo wangu mapema. Mimi nazikubali, ila ziwe zimeiga chuma, siyo rangi peke yake.

Tukisema iliyoigwa haifai, tujiulize kwanza sisi tunaendesha nini. Raleigh ilianzia Nottingham, Uingereza, miaka ya 1880. Baiskeli ile ndefu tunayoiita ya kizee, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na kava la mnyororo, ni umbo la Waingereza. Phoenix ya Shanghai ililichukua. Hero na Avon za Ludhiana, India, zililichukua, tena zikalitengeneza kwa wingi kiasi kwamba Hero mwaka 1986 iliingia kwenye kitabu cha Guinness kama mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. Leo mzee wa Tandika anaapa kwamba Phoenix yake ndiyo baiskeli ya kweli, na ana haki ya kuapa, kwa sababu imebeba mkaa, maji, mahindi na watoto wa shule. Lakini nayo ni mwigo. Kilichoipa heshima ni kwamba aliyeiga aliiga mpaka ndani: unene wa bomba, saizi ya rimu, pini ya pedali. Ikiharibika Mbagala inatengenezwa Mbagala.

Huko Ulaya nako wanabishana hivihivi. Pashley, kampuni ya Stratford-upon-Avon iliyoanza 1926, inatengeneza baiskeli iitwayo Guv'nor kwa mfano wa zile za mashindano za miaka ya thelathini, na fremu wanaitoa kwenye bomba za chuma za Reynolds 531, zilezile zilizokuwa zikisifiwa enzi hizo. Hiyo mimi naivulia kofia. Upande wa pili kuna ile Raleigh Chopper ya watoto iliyotoka 1970. Waliirudisha mwaka 2004, lakini kwa sababu za usalama wakaondoa gia ya mkono iliyokuwa katikati ya fremu, na hiyo ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe. Wapenzi wake hawakuridhika. Mwaka 2023 ikarudi tena, safari hii na gia mahali pake, na ikagombaniwa.

Karibuni tujadili, bila matusi.

Mdau wa Mbagala

Mkuu, na bei yake?

Mleta mada, Ilala

Hiyo Chopper ya 2023 waliiuza pauni 950. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, halafu ongeza usafiri na ushuru.

Fundi wa Buguruni

Mimi na sura hatuna ugomvi, ugomvi wangu uko kwenye vipuri. Hizi mpya zikifika kijiweni, cha kwanza ni rimu. Phoenix na Avon zinatumia ile ya 28 kwa moja na nusu, ambayo ukingoni inapoketi tairi ina milimita 635. Mpya nyingi zinakuja na 622. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mwenye baiskeli ananunua tairi ya kawaida Kariakoo, anaivisha, inaingia kirahisi mno, anafurahi. Akijaza upepo inaruka ukingo, tyubu inapasuka kwa mlio. Milimita 13 siyo mchezo. Halafu analaumu tairi.

Cha pili, mkono wa pedali. Kwenye Phoenix umeshikwa na pini. Ukianza kucheza nafungua nati, naitoa pini kwa nyundo, naweka nyingine, mtu anaondoka kabla chai haijapoa. Kwenye hizi mpya mkono ni wa alumini na umeketi kwenye ekseli ya mraba. Ukilegea na mtu akaendelea kupiga pedali, tundu linapanuka, na hapo hakuna dawa, mkono wote unatupwa. Na kuutoa kunahitaji kifaa maalumu cha kuuvuta nje, ambacho vijiwe vingi havina.

Ila nisiwe mnafiki. Breki za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinazofungwa kwenye baadhi ya hizi mpya ni bora kuliko za vyuma. Masika rimu ikilowa, breki za vyuma unabana, unasali, ndipo zinashika. Nimewatibu wengi walioingia mtaroni.

Mzee wa Upanga

Vijana, nimesoma yote. Raleigh niliyonayo alikuwa nayo marehemu baba, akiiendea kazini bandarini. Sahani yake ya mnyororo imetobolewa vichwa vya korongo, alama ya kampuni, na kimoja kimelika kidogo pembeni. Habu ya nyuma ni Sturmey-Archer AW ya gia tatu, aina iliyoanza kutengenezwa 1936. Pangusa grisi kwenye ganda utaona namba za mwaka na mwezi zimegongwa. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Hata nembo ya mbele ikibanduliwa, habu inasema.

Hofu yangu haiko kwa kijana aliyekuja na baiskeli mpya na kusema ni mpya. Hofu yangu ni atakayeinunua mkono wa pili. Mjini hapa stika za majina makubwa zinauzwa waziwazi, na rangi ikikwanguliwa kidogo na chumvi ya bahari ikafanya kazi yake miezi michache pale Kigamboni, baiskeli ya juzi inageuka ya mwaka 1960. Kijana mmoja wa jirani aliuziwa hivyo, akalipa pesa ya harusi. Kwa hiyo mimi nasema zitengewe mstari wao. Waitaliano wenye msafara wa baiskeli za zamani wa L'Eroica kule Toscana, ulioanza 1997, wamechora mstari: baiskeli iwe ya 1987 kurudi nyuma. Kuna ubaya gani nasi tukawa na mstari?

Mleta mada, Ilala

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya utapeli naipokea yote, na nakubali kila anayesajili baiskeli kwetu aonyeshe namba ya habu au ya fremu. Lakini haohao wa L'Eroica walifungua mlango: kampuni ya Bianchi ilitengeneza baiskeli mpya ya chuma kwa jina la msafara huo, ikakubaliwa kuingia. Ilikubaliwa kwa sababu ilijengwa kwa kanuni za zamani. Na hiyo Sturmey-Archer unayoisifu, mzee, kampuni iliuzwa mwaka 2000 na kiwanda kikahamia Taiwan. Habu ya gia tatu inayotoka kule leo ni mtoto halali wa ile ya baba yako.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Mtoto halali, lakini siyo baba. Simpangi mstari mmoja na baba.

Dada wa Sinza

Shikamoo mzee, na wengine habari zenu. Mnazungumzia fremu za wanaume tu. Mimi navaa gauni au dera, nataka fremu ya kike ile iliyoinama katikati, niende nayo kazini Posta. Nimezunguka Kariakoo na Gerezani kutafuta ya zamani iliyo nzima. Nilizopata zilikuwa zimeoza pale bomba linapoungana na ekseli ya pedali, fundi akinibonyezea kwa bisibisi inatoboka. Na zinakaribia kilo 20, nyumbani napandisha ghorofa ya tatu.

Kwangu iliyotengenezwa upya ndiyo njia pekee ya kupanda umbo ninalolipenda. Simdanganyi mtu. Mkinikatalia mstari, nitakaa pembeni, lakini msishangae misafara yenu ikibaki ya wanaume wenye umri mmoja.

Nina swali lingine pia. Wazungu wanafufua zao, baiskeli ya Swala ya kampuni ya NABICO, iliyokuwa ikitengenezwa hapahapa nchini, mbona hakuna anayeifufua? Hiyo ningeinunua kesho.

Mleta mada, Ilala

Dada, umenigusa hapo. Mwenye Swala nzima ndani tunamwomba aipige picha na kuipima bomba kwa bomba, tuanze kuwa na vipimo. Vifaa vya kuchomelea vipo Gerezani na mafundi wapo.

Na kwa yule kijana, swali kwa fundi: anaweza kubadilisha rimu zake ziwe 635, tairi za hapa zimtoshe?

Fundi wa Buguruni

Inawezekana, ila wengi hawajui gharama yake. Rimu za 635 zinazouzwa hapa zina matundu 32 mbele na 40 nyuma. Habu za hizi mpya nyingi ni matundu 36 kote. Haziingiliani, kwa hiyo habu nazo zitoke, na zikitoka breki za ndani zimekwenda nazo. Hapo tufunge breki za vyuma, na lazima tuangalie kama foku na bomba za nyuma zina nafasi ya kuzipokea. Aniletee niione. Na dada wa Sinza, kabla hujalipia hiyo unayoitaka, hesabu spoku na soma namba ubavuni mwa tairi. Ukikuta 622, mwambie muuzaji akupe tairi za akiba mbili.