Kurekebisha taa za mbele: bisibisi ndefu, racheti ndogo au ile yenye shingo inayopinda?

DerevaWaUsiku (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita nilibadilisha taa nzima ya mbele upande wa kulia, ile ya zamani ilipasuka. Tangu hapo kila nikiendesha usiku, hata nikiwa kwenye dimu, magari yanayokuja mbele yananipigia fulu. Jana nikaegesha mbele ya ukuta nikaona mwenyewe: mwanga wa kulia umepanda juu ya wa kushoto kwa zaidi ya upana wa kiganja. Inaniuma kujua kwamba siku zote hizo nilikuwa nawapofusha watu barabarani.

Nataka kuirekebisha mwenyewe, na nataka ninunue kifaa kimoja kinachofaa. Nimeona vya aina nne. Kuna bisibisi ndefu ya nyota, chuma kigumu cha sm 25 hadi 30. Kuna yenye shingo ya springi inayopinda. Kuna racheti ndogo ya robo inchi na soketi zake. Na kuna kile kinachouzwa kama kirekebishi maalumu cha taa, mpini wa T na chuma kirefu chembamba chenye kichwa cha nyota au cha pembe sita mwishoni.

Nyinyi mnatumia kipi, na kwa nini?

---

SpanaNane

Karibu ndugu. Kabla hujatoa hela yoyote, fungua boneti, washa tochi, uangalie nyuma ya taa. Skrubu ndiyo inayochagua kifaa. Kwa kawaida utakuta mbili: moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kupeleka kushoto na kulia. Kichwa kinaweza kuwa cha nyota, cha pembe sita cha kushika kwa soketi namba 8 au 10, cha kuingiza alenki, au kile cha nyota yenye ncha sita. Kuna gari zenye vichwa viwili tofauti kwenye taa moja, na kuna ambazo skrubu moja unaifikia kwa juu na nyingine kwa nyuma tu.

Kwa maoni yangu racheti ndogo inabeba gari nyingi zaidi kuliko kifaa kingine chochote hapo, kwa sababu unabadilisha kichwa tu. Ila chagua yenye meno mengi. Racheti ya meno 72 inashika kila nyuzi 5, ya meno 36 kila nyuzi 10. Pale nyuma ya taa mkono hauna nafasi ya kuzunguka, kwa hiyo tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza.

---

Fundi_Nyaya

Nakubaliana na SpanaNane kwenye kuangalia kwanza. Kwenye racheti sikubaliani, angalau kwa aina moja ya taa ambayo ni ya kawaida sana.

Mwanzisha mada, angalia juu ya taa yako karibu na ukingo wa boneti. Ukiona tundu dogo la plastiki linaloshuka wima, au mfereji mwembamba, chini yake kuna gia, mara nyingi nyeupe, imesimama wima kama sahani yenye meno. Skrubu yenyewe imeelekea nyuma, kwa hiyo watengenezaji wamekuwekea njia ya kuizungusha kutoka juu. Unashusha bisibisi ya nyota namba 2 kwenye lile tundu, mbawa zake nne zinaingia kati ya meno ya gia, ukizungusha nayo inazunguka. Unasikia tik, tik, tik mkononi. Hapo racheti haina kazi: ni nene na ni fupi, haiingii kwenye mfereji.

Kwa taa ya namna hiyo bisibisi ndefu ya chuma kigumu ndiyo mfalme. Iwe na chuma cha duara kama mm 6, kisiwe cha mraba, kwa sababu cha mraba hukwama ukutani mwa tundu. Ncha iwe mpya. Ncha iliyolika inaruka meno, na kila inaporuka inakwangua plastiki. Ukishakwangua meno matatu manne, gia inazunguka bure na umebaki na taa isiyorekebishika.

---

MamaUsukani

Jamani, mbona ile ya shingo inayopinda haina mtetezi? Kwenye gari langu betri imekaa nyuma kabisa ya taa ya kushoto. Bisibisi ndefu inagonga betri kabla ya kufika, na racheti haipiti kati. Yenye shingo ya springi ilipita, nikamaliza bila kufungua betri.

---

Fundi_Nyaya

Dada, umefanya vizuri na siwezi kukukatalia pale ambapo hakuna njia nyingine. Kasoro yake ni hii: ukizungusha mpini, springi inajisokota kwanza, ndipo ncha inaruka kwa mara moja. Unadhani umezungusha robo, kumbe ncha imekaa kimya halafu ikaenda nusu. Na huihisi skrubu ikianza kuwa ngumu.

Piga hesabu uone kwa nini hilo ni jambo kubwa. Chukua taa ambayo kutoka egemeo, pale taa inapopindia, hadi skrubu ni sm 15. Kuinamisha mwanga kwa 1%, yaani ushuke sm 1 kwa kila mita, ni kusogeza skrubu mm 1.5 tu. Taa iliyo sm 65 kutoka chini, ikiinama 1%, mwanga wake unagusa barabara mita 65 mbele. Ikiinama 2%, unagusa mita 32 na nusu. Kwa mwendo wa km 80 kwa saa hizo mita 32 unazimaliza kwa sekunde moja na nusu. Yaani mm 1.5 ya skrubu imekula nusu ya macho yako usiku. Ndiyo maana nataka kifaa ambacho mkono ukienda robo, ncha nayo imeenda robo.

---

KasiNdogo

Mimi nina drili ya betri na kichwa kirefu cha nyota. Nikiiweka kwenye mwendo wa chini si ni sawa tu?

---

MzeeWaBampa

Hapana, mwanangu. Nakuomba usifanye.

Hiyo skrubu mwisho wake una kidude cha mviringo kama goti, kimebanwa ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki hiyo imekaa miaka kwenye joto la injini. Nilikuwa narekebisha taa ya gari la shemeji yangu, gari la miaka kumi na tano. Skrubu ilikuwa nzito kidogo, nikasema ngoja niongeze nguvu kwa racheti. Nikasikia *tak*. Taa ikaanguka mbele ndani ya kioo chake, inatazama bampa. Kikombe kilikuwa kimepasuka, na hakikuwa kinauzwa peke yake. Ilibidi tununue taa nzima, na safari aliyokuwa amepanga usiku ule haikufanyika. Nilikuwa natumia mkono. Drili isingenipa hata ile nukta ya kuhisi uzito.

Skrubu ikikataa, rudisha nyuma robo, pulizia kilainishi kisichokula plastiki, subiri, jaribu tena. Iendeshe mbele na nyuma kidogokidogo. Na kabla ya yote hesabu umezungusha mara ngapi, uandike, ili ukipotea urudi ulikoanzia.

Jambo jingine kuhusu bisibisi: kama gari ni la Japani na skrubu ni ya nyota ya kushika moja kwa moja, angalia kama ina kinukta kidogo kimechongwa kichwani. Hiyo ni ya kipimo cha JIS, yaani viwango vya Japani. Inafanana na nyota ya kawaida lakini mashimo yake yana pembe tofauti, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuteleza ukikaza. Watu wengi wanailaumu skrubu kuwa laini kumbe kosa ni la ncha. Bisibisi ya JIS namba 2 inakaa humo kama imezaliwa humo.

---

DerevaWaUsiku (mwanzisha mada)

Nimerudi kutoka kuangalia. Fundi_Nyaya, uliyosema ni kama ulikuwa umesimama hapa. Kuna tundu juu, na chini gia nyeupe. Ya kushoto na kulia iko nyuma, pembe sita, namba 8. Ukuta nilionao una nafasi ya mita 5 tu mbele yake. Zinatosha?

---

SpanaNane

Zinatosha, na hesabu ni nyepesi. Angalia kwanza kwenye mwili wa taa au bamba chini ya boneti: gari nyingi zina mchoro wa taa na asilimia, mathalani 1.0% au 1.3%. Asilimia moja ni sm 1 kwa kila mita. Mita 5, ukingo wa juu wa mwanga ushuke sm 5 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Kama ni 1.3%, sm 6 na nusu.

Sakafu iwe tambarare kati ya gari na ukuta. Jaza upepo wa matairi kama inavyotakiwa, toa mizigo, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Bonyeza gari mbele na nyuma mara chache springi zitulie. Kile kigurudumu cha ndani cha kushusha taa kiweke sifuri. Nimeona mtu akihangaika saa nzima kwa sababu kilikuwa kwenye 2.

---

MamaUsukani

Na usizibe taa nyingine kwa nguo wakati unapima hii. Balbu za halojeni zinachemka na vioo vya siku hizi ni plastiki. Simamisha kadibodi mbele yake, isigusane nayo, na uitoe ukimaliza.

---

MzeeWaBampa

Naongeza moja: kwa kuwa taa ni mpya, hakikisha balbu imekaa kwenye nafasi yake sawasawa kabla hujagusa gia. Balbu iliyokaa upande inatoa mwanga usio na ukingo, na hakuna bisibisi itakayoutengeneza. Ukingo mzuri una mstari ulionyooka, halafu unapanda kuelekea pembeni mwa barabara. Ukipanda kuelekea upande wa wanaokuja, basi umeuziwa taa ya nchi zinazoendesha upande mwingine, irudishe.

Wenye taa za zenoni au zinazojigeuza zenyewe, hii mada si yenu. Zenoni zinawaka kwa volti elfu nyingi, na zinazojigeuza zinahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

---

DerevaWaUsiku (mwanzisha mada)

Wakuu, kazi imekwisha.

Nimenunua bisibisi ndefu ya nyota namba 2, sm 30, chuma cha duara. Soketi namba 8 na racheti nimeazima kwa jirani, sikuona haja ya kununua kwa skrubu moja. Bamba lilisema 1.0%. Kitovu cha taa kiko sm 66, kwa hiyo nilibandika utepe ukutani kwenye sm 61. Balbu nilikuta imekaa vizuri.

Kuzungusha kuelekea kulia kulipandisha mwanga badala ya kuushusha, nikarudisha. Nilikwenda nusu mzunguko, nasimama, natazama, tena nusu. Jumla mizunguko mitatu na robo. Mwishoni nilishusha kidogo kupita utepe, kisha nikaupandisha hadi kwenye mstari, kwa sababu niliona gia ina mchezo kidogo ukigeuza upande. Racheti niliigusa mara mbili tu, mwanga ulikuwa umekwenda kulia kama sm 4.

Jana usiku nimeendesha saa moja na nusu. Hakuna aliyenipigia fulu. Leo nitaweka kitone cha rangi nyeupe kwenye jino moja la gia na kingine kwenye plastiki iliyo jirani nalo, ili nikiona vimeachana nijue taa imehama.