Naomba ushauri: helmeti na vifaa vya kujikinga kwa dereva wa bodaboda

Habari wakuu. Mdogo wangu ameanza bodaboda Mbagala, anapita Barabara ya Kilwa kila siku na kandambili na helmeti iliyokatika mkanda. Juzi mwenzake wa kijiweni aliteleza kwenye mchanga. Kichwa kizima, maana helmeti ilifungwa, ila mguu ulichunika vibaya mno. Tafiti zinaonyesha helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69, lakini isipofungwa huchomoka kabla hujafika chini. Naogopa sana. Yeye anadai joto la Dar haliruhusu jaketi wala buti, na abiria wanakataa helmeti yenye jasho la wengine (hapo namwelewa). Kariakoo nikague nini nisiuziwe feki? Na abiria mnawashawishije waivae?