Naomba ushauri: walimu wenzangu wamegoma kimyakimya

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mkuu wetu mpya anataka tubadilishe utamaduni wa shule, vitisho darasani viishe, mwanafunzi aulize swali bila kuogopa kuchekwa. Wazo zuri tu, shida lilikuja limeshapikwa, sisi walimu tukasomewa kikaoni tukapiga makofi basi, kesho yake kila mtu na mambo yake kama zamani. Mi nikawakaribisha wenzangu wakae kwenye kipindi changu waone navyofanya, wakaja wawili, wengine wananiita kipenzi cha mkuu (na mkuu mwenyewe hata hanijui vizuri jamani).

Sasa niendelee na hawa wawili polepole au nimwombe mkuu mjadala uanze upya na walimu wenyewe? Na wale wakongwe wanaosikilizwa ofisini, nawaingiaje?