"Leya ya nane" kwenye tiketi ya mteja: ni utani au ni dharau?

Fundi Faiba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Hili nalileta tulijadili kwa uwazi, maana kwenye kikundi chetu cha kazini limeshazua maneno na watu wawili hawasalimiani.

Kwa wasio wa fani: mawasiliano ya kompyuta tunayapanga katika leya saba. Ya kwanza ni waya wenyewe, ya saba ni ile programu unayoifungua kwenye simu. Utani wetu ni kwamba ipo na ya nane, nayo ni binadamu aliyekaa mbele ya mashine. Ukisikia fundi anamnong'oneza mwenzake "hii ni leya ya nane", ujue anasema vifaa ni vizima, mbovu ni mteja.

Mwaka jana kulikuwa na mama mwenye duka la dawa, faiba yake (intaneti ya waya wa mwanga) inakatika mara nne tano kwa siku. Alipiga simu mara tatu, na mara zote tiketi, yaani rekodi ya lalamiko lake, ikafungwa kwa herufi moja na tarakimu moja: L8, leya ya nane. Kilichotuchekesha ni maelezo yake mwenyewe. Alisema, "Baba, intaneti inakatika nikifungua friji." Maneno hayo tuliyabandika kwenye kikundi, watu wakacheka hadi machozi. Mmoja akashauri tumwambie aiweke ruta kwenye friza ipoe.

Mara ya nne nikaenda mwenyewe. Nikachomoa faiba kwenye modemu, nikaichomeka kwenye kipima mwanga: minus 22. Safi. Nikaanza kumweleza kwa sauti ile yetu ya upole wa kikazi kwamba laini haina tatizo. Akanitazama tu, akaenda kumtolea mteja wake insulini. Alipouvuta mlango wa friji, kipimo mkononi mwangu kikaanguka hadi minus 33. Akaufunga, kikarudi 22. Akaufungua tena, makusudi sasa, huku ananiangalia usoni.

Kumbe waya ulipitishwa nyuma ya friji. Mlango ukivutwa, friji lote linayumba na kuukunja waya kwenye kona ya ukuta, na faiba ikikunjwa kupita kiasi mwanga unavuja njiani. Modemu nyingi za faiba za nyumbani zikishapata chini ya minus 27 au 28 hazisomi kitu. Mama alitupa jibu kamili siku ya kwanza, bila kipimo chochote.

Kati ya zile tiketi tatu, ya pili niliifunga mimi.

Hoja yangu ni moja. Tucheke tutakavyo, ila L8 isiandikwe popote kwenye rekodi ya mteja. Ikishaandikwa inageuka kuwa jibu, na fundi wa zamu inayofuata hatazami tena. Nawasilisha.

Zamu ya Usiku

Stori tamu mkuu, ila umemkamata mtuhumiwa asiyehusika. Pale kosa ni uvivu. Mngeandika "hitilafu ipo upande wa mteja" kwa Kiswahili cha ofisini chenye tai, bado asingetoka mtu kwenda kupima. Utani umesingiziwa.

Na fani hii imejengwa na watu wanaotania hadi kwenye nyaraka rasmi. RFC ndizo karatasi zenye kanuni za intaneti, zinatolewa tangu 1969. Tarehe 1 Aprili 1990 David Waitzman akatoa RFC 1149: jinsi ya kusafirisha paketi, vile vifurushi vidogo vya data, kwa njiwa. Paketi inachapwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinaviringishwa mguuni, ndege anaachiwa. Mwaka 2001 wapenzi wa Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) wa Bergen, Norwe, wakaijaribu kweli. Paketi 9 zilitumwa, majibu 4 yakarudi, na la haraka kuliko yote lilichukua dakika 53 na ushei. Ruta zilizofungwa na baadhi ya wenzetu humu hazifiki hapo.

Msicheke mkamaliza. Mwaka 2009 kampuni moja ya Afrika Kusini, ikiwa imechoshwa na kasi ya laini yake, ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi yenye gigabaiti 4 akaruka kilomita kama 80. Hadi data yote inaingia kwenye kompyuta ya upande wa pili zilikuwa zimepita saa mbili na dakika chache, na ADSL, intaneti ya waya wa simu, iliyokuwa ikishindana naye ilikuwa imefikisha asilimia 4. Nani angesoma malalamiko yao kama wangeandika barua?

Saa tisa usiku, mkongo umekatika baharini, simu zinalia, meneja anauliza "tunarudi saa ngapi" kila baada ya dakika tano. Usipocheka hapo utalia. Mnataka tukae kama wahasibu?

Mtani wa Same

Nanyi waachieni wahasibu, wana utani wao mnauogopa.

Mimi si mtu wa mitandao, ni Mpare. Sisi na Wachaga tunataniana hadi msibani. Nimeshuhudia mtani akizuia jeneza lisitoke ndani mpaka apewe kitu, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Lakini yule mtani anajua fika kwamba siku ya msiba wa kwao nami nitakuja kulipiza.

Mama wa friji alipize wapi? Kikundi chenu hajui hata kama kipo. Mtu unayemcheka asipojua hajawa mtani wako, unamsengenya.

Dada wa Seva

Hapo kwa Mtani nimepapenda, nami niongeze upande ambao wanaume wa humu huwa wanauruka.

Nilipoanza kazi nilitumwa stoo nikaombe ndoo ya kukingia paketi zinazodondoka (paketi ikipotea njiani tunasema imedondoka). Nikaenda, na ndoo nikaomba. Mtunza stoo bila hata kutabasamu akaniuliza, "Ya lita kumi au ishirini?" Ule utani hadi leo naupenda, na vijana wanaokuja nawatuma vilevile. Halafu upo mwingine. Kila hitilafu ilipotokea nikiwa zamu, mtu anasema "leya ya nane yupo kazini leo". Miezi minane. Siku hitilafu ikawa yangu kweli, niliogopa kuripoti kwa nusu saa nzima, wateja wako gizani, kwa sababu nilijua wimbo utakaoimbwa.

Na Zamu ya Usiku asitushinde kwa RFC, tunazisoma wote. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alitoa RFC 2324, kanuni za kuendesha mitungi ya kahawa kwa intaneti. Lengo lilikuwa kuwakejeli watu wanaoitumia HTTP, lugha ya kurasa za wavuti, kwa kila upuuzi. Ndani yake kuna namba ya jibu la hitilafu, 418: ukiliagiza birika la chai likupikie kahawa, linakujibu "mimi ni birika". Watu wakaipenda hadi wakaiingiza kwenye programu za kweli. Mwaka 2017 Mark Nottingham, mmoja wa walezi wa HTTP, akaomba miradi ya programu kama Node.js na Go iiondoe; kijana wa miaka 15 akafungua tovuti ya kulitetea birika, na birika likashinda. RFC 9110 ya mwaka 2022 imekiri kwamba namba hiyo imeshasambaa kama utani kiasi kwamba haifai tena kwa matumizi mengine. Sehemu moja katika orodha rasmi ya dunia ya namba hizo imekaliwa na birika.

Nacheka ninapoandika hivi. Lakini ndicho anachosema mleta mada: ukishaandika, huwezi kufuta.

Zamu ya Usiku

Dada, hilo la miezi minane halikuwa utani na sitalitetea. Ila birika limemdhuru nani? Zipo namba za kutosha.

Dada wa Seva

Birika halijamdhuru mtu. Chukua basi ule wa "siku zote ni DNS" (DNS ni daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea karibu saa sita. Nusu ya mafundi ninaowafahamu walikuwa wanacheka "ni DNS" kabla hawajagusa kitu. Maelezo ya kampuni yenyewe yalipotoka: amri iliyotolewa kwenye matengenezo ya kawaida iliangusha mtandao mkuu unaounganisha vituo vyao vya data. Seva za DNS zilipoona zimetengwa na vituo hivyo, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia. DNS ilikuwa maiti ya pili. Ukiingia na kicheko chako mkononi, unamzika wa pili na kumwacha wa kwanza sebuleni.

Mkaazi wa Kisauni

Nyinyi mwagombana nini? Utani wote huu ni wa kuazima. Sisi tuna wetu.

TCP, ile kanuni ya kompyuta kupelekeana data kwa uhakika, kabla haijazungumza hupeana mkono mara tatu. Mzungu alijihisi kagundua kitu. Mimi nikifundisha vijana nawambia: Hodi! Hodi, karibu! Ahsante, nshakaribia. Basi, ndiyo TCP hiyo, bibi yako aijua. Na yule mshambuliaji anayejaza seva maombi ya uongo? Ni mtoto mtukutu apigaye hodi milango yote ya mtaa akakimbia, wenye nyumba wamesimama vizingitini wakisema "karibu" kwa hewa. UDP, ile isiyongoja jibu, je? Yule jirani arushaye barua chini ya mlango akenda zake, ikifika haya, isifike haya.

Vijana hawasahau. Na hakuna aliyetukanwa.

Fundi Faiba (mleta mada)

Mkaazi, hiyo ya hodi naiiba kesho asubuhi.

Nirudi kwa Zamu ya Usiku. Unasema kosa ni uvivu. Sawa, lakini jiulize uvivu ulijificha wapi. Ningeandika "sijaenda kupima", msimamizi angenipigia simu. Niliandika L8, msimamizi akacheka, akapitisha. Utani ulinilipia nauli ya kutokwenda.

Ninachopendekeza: kwenye tiketi kuwe na nafasi ya kuandika maneno ya mteja kama alivyoyasema. "Inakatika nikifungua friji." Hivyo hivyo, tusiyatafsiri kwa lugha yetu. Na tiketi ya faiba isifungwe bila namba ya kipimo cha mwanga.

Zamu ya Usiku

Namba ya kipimo nakubali, ilipaswa kuwepo zamani. Maneno ya mteja bado nayapinga. Najua yatakakoishia: yatapigwa picha na kubandikwa kikundini, na utakuwa umewapa watu bohari la vichekesho lililopangwa kwa tarehe. Heri L8, angalau haina jina la mtu.

Mtani wa Same

Basi mkibandika yake, mbandike na ile ya pili ya Fundi Faiba. Hapo ndipo utani unaanza.

Zamu ya Usiku

Hahaha. Umemmaliza.

Nitoke kidogo, kuna tiketi imeingia. Mteja kaandika "wifi inakuja mvua ikinyesha tu". Namaanisha inakuja, haikatiki. Vidole vinaniwasha jamani. Naenda kupima kwanza, nitarudi.