Minazi ya mzee Pangani: mnunuzi anakataa "koroma", mkwezi anasema zote ni nazi

Mjukuu wa Pwani
Wakuu salaam. Mzee kanikabidhi shamba la minazi huku Pangani. Mimi nimekulia Tanga mjini, nazi naijua ikishafika jikoni. Juzi mnunuzi kapekua rundo, kama theluthi nzima kaitenga: "Hizi koroma, nakupa nusu bei." Mkwezi anaapa zote ni nazi. Nani mkweli?

Babu Makuti
Mdogo wangu, huanza kidaka, kikikua kitale, halafu dafu, koroma, ndipo nazi. Tangu ua mpaka nazi ni kama mwaka, kwa hiyo mnazi mmoja unabeba makole, yaani mashada, ya umri tofauti. Tikisa sikioni: dafu limejaa maji, halilii. Nazi inalia wazi. Koroma inalia kidogo na kumbi, lile ganda la nyuzi la nje, bado lina ubichi. Ukibisha, vunja moja. Nyama ipo ila laini, na tui lake jepesi, mpishi wa wali hatakuelewa.

Kinyonga
Mkwezi unamlipaje? Kama ni kwa idadi ya nazi, ataangua kila kinachoning'inia. Mlipe kwa kila mnazi anaoukwea.

Shangazi Muheza
Nusu bei mkatalie! Pasua, anika nyama yake, uza mbata, hiyo nyama kavu ya kukamua mafuta.

Babu Makuti
Shangazi, mbata ya koroma? Ukiianika inajikunja na kuwa kama mpira, na mafuta haitoi ya maana. Ikishaanguliwa haikomai tena chini. Achukue hiyo nusu bei leo leo.

Shangazi Muheza
Haya nimekusikia. Basi awamu ijayo auze madafu, watalii wapo.

Kinyonga
Madafu sawa, ila hayatupwi chini kama nazi, yanapasuka. Yanashushwa kwa kamba, na kamba ina bei yake kwa mkwezi. Tena kole ulilolimaliza kwa madafu usilidai nazi.

Mjukuu wa Pwani
Nimetikisa rundo lote. Nyingi ni koroma kweli, ila zipo zinazolia kabisa na jamaa kazitupa humo humo. Nikazifue, nizitoe kumbi, niuze mwenyewe sokoni?

Babu Makuti
Hizo zirudishe kwenye hesabu ya nazi, mtikisie mbele yake. Kufua subiri upate mteja. Nazi ikikaa na kumbi lake inadumu. Ukishaifua, jua likiipiga inapasuka.