Majirani wa Chikongola, Mtwara: tamasha la sanaa kanisani

Mama Tumaini (katibu): Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu humu, asalaam aleikum. Tamasha la sanaa ni Jumamosi hii uwanja wa kanisa, kuanzia saa 3 asubuhi. Kiingilio hakuna. Meza za bidhaa ni bure kwa mkazi yeyote wa mtaa, awe wa parokia au asiwe.

Mwalimu: Milele amina 🙏🏾

Bi Salma: Waaleikumu salaam mama. Sisi wa ukili tupo: mikeka, makawa, vikapu. Na ming'oko ya kuchemsha nitaleta sufuria zima. Adhuhuri tutaomba nafasi tukaswali.

Mama Tumaini: Ondoa shaka Bi Salma, adhana ikilia spika tunazima.

Baba Neema: Jamani, kwenye ratiba naona mapiko, ile ngoma ya Wamakonde ya mchezaji aliyevaa kinyago, saa 10 jioni. Nani kapitisha hili? Uwanja wa kanisa kabisa! Lipiko ni mambo ya jando.

Dada Rehema: Na ngoma ya sindimba je kaka? Maana akina mama wa kwaya wanafanya mazoezi tangu juzi.

Baba Neema: Sindimba sina neno nayo, wacheze. Nasema kinyago cha kuvaa. Bibi yangu kule Newala alikuwa hatakiwi hata kujua kwamba mle ndani kuna mtu.

Mwalimu: Mjadala huu umetutangulia sote. Kule Masasi kwa Waanglikana, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wao wa kwanza kuanzia 1926, hakulipiga marufuku jando. Aliliingizia sala na mafundisho ya dini, vijana wakapitia humo wakiwa Wakristo. Wapo waliompinga, lakini alishikilia.

Baba Neema: Mwalimu, hiyo ni historia. Mimi nazungumzia watoto wangu Jumamosi.

Babu Fundi: Habari za jioni wanangu. Nimesoma yote. Baba Neema ana haki katika jambo moja. Lipiko anavyovishwa, na mahali anapovishwa, havionyeshwi. Hilo litafanyika mbali na uwanja, wazee tutasimamia, na mtoto hasogei. Lakini akishatoka ni wa watu wote. Wali, yaani vijana wa jando, walipotoka jandoni lipiko alicheza hadharani, akina mama wakipiga vigelegele.

Babu Fundi: Mimi linaloniuma ni jingine. Kamati imenipa meza ya kuuzia vinyago. Nashukuru, ila naomba nikae chini ya mwembe na gogo la mpingo, tezo, patasi na tupa, nichonge kutwa nzima watoto wakiniona. Watoto wa mtaa huu wanakijua kinyago kikiwa kimeshapigwa msasa na kung'arishwa. Hawajaona gamba likibanduliwa, chini yake mti ni wa manjano hafifu, halafu tezo ikiingia kidogo weusi ndio unajitokeza. Hawajui kwamba kipande cha mpingo ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Na ile ya watu waliopandana, tunayoiita ujamaa, ni gogo moja, hakuna gundi wala msumari. Kabla hujakata unalizungusha kwanza. Limepinda wapi, ufa uko wapi, ndipo unajua bibi atakaa hapa na mjukuu atapandia pale. Nikikaa mezani nitauza, lakini hakuna mtoto atakayeondoka na kitu kichwani.

Juma wa Bi Salma: Shikamoo babu. Na lipiko nalo ni mpingo?

Babu Fundi: Marahaba mjukuu wangu. Hapana. Linavaliwa kichwani na linachezewa, mpingo ungemuumiza mchezaji. Tunachonga mti laini, mwepesi. Nywele tunabandika za watu, za kweli.

Dada Rehema: Mtu akichonga kutwa hauzi kitu. Kamati imlipe babu siku yake. Wenye spika wanalipwa, wenye hema wanalipwa, mchongaji anaambiwa asante?

Mama Tumaini: Rehema umesema kweli. Nalipeleka kwa mhazini usiku huu huu.

Mwalimu: Halafu tutazame pale Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo. Kuta zimejaa picha za Biblia alizochora Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Wageni wanakuja kuzitazama, na ni kazi nzuri kweli. Sasa kazi ya mkono wa mzee wetu, wa hapa hapa, iwe na mashaka hata uwanjani?

Baba Neema: Mwalimu umenibana. Kuchonga chini ya mwembe naunga mkono, na Neema nitamleta mwenyewe asubuhi. Ila saa 10 mimi na wanangu tutakuwa tumerudi nyumbani. Simzuii mtu.

Babu Fundi: Hata baba yako alikuwa hivyo hivyo, na tuliheshimiana. Mlete mtoto, nitampa tupa na kipande chake. Tezo hawashiki, ni kali.

Mama Tumaini: Babu, gogo lina kibali? Isije ikawa shida njiani.

Babu Fundi: Lina karatasi zake zote za maliasili. Tatizo ni kulifikisha, ni zito.

Baba Neema: Guta langu lipo. Ijumaa nikishatoka kupulizia mikorosho salfa napitia kwako, saa 11 jioni. Tafuta vijana wawili wa kupakia.

Juma wa Bi Salma: Mimi mmoja 🙋🏾‍♂️